Kugeuza Hilux ya 2WD kuwa 4WD kwa spea za mtumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa gereji, nimeulizwa kwa simu, na mengine nimeulizwa porini gari likiwa limezama hadi kwenye bampa. Wengi wanaouliza wanabeba viazi, mbao na chai katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ikishaanza Novemba, udongo mwekundu hautabiriki tena hadi Mei. Najibu kwa kutumia Toyota Hilux ya kizazi cha 1988 hadi 1997, maana hiyo naijua nati kwa nati. Kama gari lako ni jingine, kanuni zitakusaidia, lakini vipimo utavitafuta mwenyewe.

Inawezekana kweli, au ni maneno ya mafundi?

Inawezekana. Hilux ilianza kuuzwa mwaka 1968 ikivuta kwa nyuma tu, na ya 4WD, inayovuta kwa magurudumu yote manne, ikaja mwaka 1979. Tangu hapo Toyota wamekuwa wakitengeneza magari mawili yenye sura moja. Ukitazama milango, boneti na taa, huoni tofauti. Injini ya dizeli ya 2L au 3L unaikuta kwenye zote mbili. Lakini lala chini uangalie: ya 2WD, tuseme LN85, mbele ina mikono miwili ya kushikilia gurudumu kila upande na toshenibaa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi), wakati LN106 ya 4WD ina ekseli nzima ya mbele iliyokaa juu ya springi za majani, kama ya nyuma. Kwa hiyo "kugeuza" maana yake ni kuihamisha tofauti yote hiyo ya chini. Fundi akikuambia ni suala la kuongeza difu (gia za katikati ya ekseli) la mbele tu, muulize springi zake zitafungwa wapi.

Nahitaji spea gani?

Giaboksi ya 4WD ikiwa na transfa yake, yaani boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa sababu mkia wa giaboksi ya 2WD haukutengenezwa kupokea transfa. Hakikisha inaingia kwenye injini yako, maana kengele (kifuniko cha mbele kinachoshika injini) ya giaboksi ya injini ya dizeli ya L haiingiliani na ya injini ya petroli ya R. Ekseli ya mbele kamili, kuanzia nako (kiungo kinachogeuza gurudumu), habu, loki za habu zinazounganisha gurudumu na shafti, na breki zake. Ekseli ya nyuma ya gari hilo hilo. Propela zote mbili, yaani shafti ndefu za kupeleka nguvu kwenye ekseli. Springi za mbele, pingili zake za kuning'inizia na yubolti (bolti za umbo la U). Boksi ya stelingi na fimbo zake. Boriti inayobeba giaboksi. Sampu (bakuli la oili) ya injini ya 4WD pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, maana sampu ya 2WD huwa imekaa pale pale ambapo ekseli ya mbele inataka kupanda na kushuka. Paipu ndefu za breki. Levari ya transfa na mpira wake wa sakafuni.

Rimu pia. 2WD nyingi za kizazi hiki zina nati tano, 4WD ina nati sita, kwa hiyo ukibadilisha ekseli ya mbele peke yake utajikuta unatembea na matairi mawili ya akiba ya aina mbili tofauti.

Kwa nini unasisitiza ekseli ya nyuma? Ya kwangu ni nzima.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe.

Kazi yangu ya kwanza ya aina hii nilinunua difu la mbele kwa muuzaji mmoja, la nyuma kwa mwingine. Yote mawili ni ya Hilux, yote ya nati sita, muuzaji akaapa yanalingana. Nikafunga. Kwenye tope gari lilipanda kama mbuzi, mwenye gari akafurahi, nami nikafurahi. Siku ya tatu akatoka shambani akaingia barabara ngumu ya changarawe na levari ikiwa bado kwenye H4 (kuvuta kwa magurudumu manne, gia ya kawaida), akapanda nayo mlima mrefu. Alinipigia simu akisema kuna kitu kinagonga chini ya kiti. Tulipofungua transfa, meno ya gia yalimwagika pamoja na oili, vipande vidogo vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Difu la nyuma lilikuwa la reshio ya 4.56, la mbele 4.10, yaani mizunguko ya propela kwa mzunguko mmoja wa tairi.

Transfa ikiwa kwenye H4, propela ya mbele na ya nyuma huzunguka sawasawa, kwa sababu zimefungwa pamoja. Difu la 4.56 linahitaji mizunguko mingi zaidi ya propela ili tairi lizunguke mara moja. Kwa hiyo matairi ya nyuma yakisogea mita 100, ya mbele yanataka kusogea kama mita 111. Kwenye tope tairi linateleza na tofauti hiyo inaishia hapo. Kwenye ardhi ngumu haina pa kwenda, inabana ndani ya propela, gia na ekseli mpaka kilicho dhaifu kikatike. Transfa ya pili niliinunua kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo siuzi wala sifungi difu ambalo sijalihesabu mwenyewe, hata muuzaji awe ndugu yangu.

Nitajuaje reshio ya difu?

Kwenye ukuta wa injini kuna kibati cha kiwandani chenye msimbo wa giaboksi na ekseli. Upige picha, utakusaidia kulinganisha. Lakini gari la miaka 30 limeshapita mikononi mwa mafundi wengi, kibati kinakuambia lilivyozaliwa, si lilivyo leo. Hesabu.

Kama difu bado liko kwenye gari: egesha mahali tambarare, weka kabari imara kwenye matairi ya mbele, giaboksi nyutro, achia breki ya mkono. Piga jeki tairi moja la nyuma, weka stendi. La pili libaki limekanyaga chini. Chora mstari wa chaki kwenye tairi lililo juu, chora mwingine kwenye propela. Wewe zungusha tairi mara 20 kamili, taratibu, na msaidizi alale pembeni ahesabu propela. Akipata 41, difu ni la 4.10. Akipata 43, ni 4.30. Akipata 45 na nusu na ushee, ni 4.56. Akipata 48 na robo tatu, ni 4.88. Tunazungusha 20 badala ya 10 kwa sababu tairi moja likiwa limesimama, gia kubwa ya difu huzunguka nusu ya tairi linalozunguka. Kama matairi yote mawili yanabana na hutaweza kuzungusha moja peke yake, difu hilo ni la aina ya kubana, na njia hii haifai kwake.

Kama difu liko chini kwa muuzaji, bora zaidi. Difu la Hilux linatoka zima kwa upande wa propela. Likishatolewa unaona gia kubwa na pinyoni yake (gia ndogo) wazi. Hesabu meno kwa kidole na chaki: 41 kwa 10 ni 4.10, 41 kwa 9 ni 4.56. Ukiwa hapo, zungusha gia polepole uangalie kila jino. Jino lililomeguka kidogo tu ni sababu ya kutosha ya kuondoka.

Nikate chasisi yangu, au nihamishie bodi kwenye chasisi ya 4WD?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aanze nalo, na wengi hulifikia wakiwa wameshanunua ekseli.

Njia ya kwanza ni kubaki na chasisi yako ya 2WD. Unakata vishikio vya mikono ya chini na toshenibaa, unatengeneza vishikio vya springi mbele na nyuma ya ekseli mpya, unahamisha mahali pa boksi ya stelingi, unabadilisha boriti ya giaboksi. Ile boriti ya mbele ya 2WD inabeba mikono ya chini, na maunti (vikalio) za injini ziko karibu nayo sana. Ukikata bila mpango, injini inabaki haina pa kukaa na reli mbili za chasisi zinaanza kufunguka kama mkasi.

Njia ya pili ni kutafuta 4WD iliyopinduka au iliyoungua bodi, chasisi yake ikiwa imenyooka na karatasi zake zipo, ukahamishia juu yake bodi na injini yako. Vishikio vya springi, boksi ya stelingi, boriti, vyote viko mahali Toyota walipoviweka. Sehemu za kukalia bodi huenda zisilingane zote, kwa hiyo pima kabla hujanyanyua chochote, na mara nyingi utalazimika kufungua handaki la sakafu ili levari ya transfa ipite. Lakini hiyo ni kazi ya bati, si kazi ya kushikilia magurudumu ya mbele.

Mimi napendekeza ya pili kila inapowezekana. Si kwa sababu ya kwanza haifanyiki. Nimefanya magari ya namna zote mbili na yale ya chasisi iliyokatwa ndiyo yanayonirudia gerejini, na ndiyo ninayoyafikiria usiku mvua ikinyesha, nikijua kuna familia nyuma ya kibini kwenye kona ya mlima.

Mimi sina njia, nitachomelea. Nizingatie nini?

Pima kwanza, pima ukiwa na gari limesimama kwenye stendi nne na chasisi iko usawa wa maji. Funga kamba yenye timazi kutoka kwenye matundu ya kiwandani ya chasisi, chora sakafuni kwa chaki, ndipo upate mstari wa katikati. Ekseli ya mbele iwe sambamba na ya nyuma: pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi ya nyuma upande wa kulia, halafu kushoto. Pima pia kwa mshazari. Tofauti ya milimita chache unaweza kuirekebisha, ya sentimita huwezi.

Usichomelee kishikio cha springi moja kwa moja kwenye reli tupu. Weka bati la kuimarisha kwanza, lenye ncha zilizopunguzwa mshazari, ili mkazo usikae kwenye mstari mmoja wima. Mstari wima wa kuchomelea unaokata reli kutoka juu hadi chini ndipo nyufa huanzia. Kutu, rangi na grisi ziondoke zote mpaka chuma kiwe cheupe. Ondoa waya wa betri kabla ya kuwasha mashine. Na mpe kazi hiyo mtu anayechomelea vyuma vinavyobeba uzito, si yule wa mageti, hata kama yule wa mageti ana mkono mzuri.

Jambo jingine: namba ya chasisi ya Hilux hizi imegongwa kwenye reli ya kulia, mbele, karibu na tairi. Yaani pale pale unapokwenda kufanyia kazi. Ifunike kwa mkanda kabla gurainda haijawashwa. Namba ikifutika, gari lako zuri la 4WD linakuwa kitu ambacho huwezi kukithibitisha kuwa ni chako.

Stelingi ya zamani haiwezi kutumika?

Hapana. Kwenye ekseli nzima, mkono wa boksi huenda mbele na nyuma, ukisukuma fimbo inayokwenda kwenye nako. Ya 2WD hupeleka fimbo kushoto na kulia. Nimeona watu wakiunganisha kwa fimbo zilizokunjwa kwa moto. Fimbo ya stelingi haikunjwi kwa moto. Nunua boksi sahihi, na ukikaza nati za tairodi, weka pini mpya.

Ukimaliza, mwambie mtu akae chini atazame huku gari likipita kwenye bonde dogo taratibu, stelingi ikiwa imeshikwa pale pale. Matairi ya mbele yakigeuka yenyewe springi inapobonyea, fimbo yako haiko sambamba na springi. Rudi ukarekebishe kabla ya kutoka barabarani.

Na breki?

Tumia breki za ekseli uliyonunua, paipu mpya za mpira za urefu sahihi, na silinda kuu inayolingana nazo. Paipu ya mtumba usiifunge hata kama inaonekana mpya. Ning'iniza ekseli hadi mwisho wa springi uone kama paipu inavutika, kisha geuza stelingi mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone kama inagusa tairi.

Propela itabidi ikatwe?

Ya nyuma, karibu kila mara, kwa sababu transfa imeongeza urefu. Ukipata ya gari lile lile lililotoa ekseli, hukati kitu. Ikikatwa, peleka mahali pa kubalansi. Na angalia uma mbili za mwisho: zikae mstari mmoja. Zikifungwa zikiwa zimepishana, gari litatetemeka kuanzia mwendo wa kawaida na utabadilisha matairi, beringi na maunti bila kupata dawa.

Spea za Sharjah ni nzuri?

Nyingi ni nzuri kuliko tunazozikuta zimechoka hapa, na magari yaliyokatwa nusu kutoka Sharjah na Dubai hufika Gerezani na Ilala Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi, na Kisekka Kampala. Kumbuka tu kwamba kule usukani uko kushoto. Boksi ya stelingi haitakufaa, na mkono wa stelingi kwenye nako uko upande usio wako. Difu, giaboksi, transfa na habu hazijali usukani uko wapi. Jambo la kukagua ni upande ambao transfa inatoa propela ya mbele: lazima uwe upande ule ule difu la mbele lilipokaa.

Nunua kwa muuzaji atakayekuandikia risiti yenye namba ya spea. Spea ya bei rahisi isiyo na risiti inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu anayelitafuta.

Nina Hilux Vigo ya 2WD iliyosimama juu. Yenyewe je?

Hiyo ni habari njema zaidi. Kuna Hilux za kizazi kilichoanza mwaka 2004, za 2WD lakini ndefu kimo, zilizouzwa Thailand kwa jina la Prerunner. Zimejengwa kwa umbo la 4WD, na mbele hakuna ekseli nzima ya kuhangaikia. Lala chini uangalie kama vishikio vya difu la mbele vipo. Vikiwepo, kazi inakuwa ya kufunga zaidi kuliko ya kuchomelea: difu la mbele, shafti, nako na habu zinazopitisha shafti, giaboksi na transfa, propela. Kinachokuja kusumbua ni umeme, kwa hiyo fundi umeme awepo tangu siku ya kwanza. Ile fupi ya kimo, iache ilivyo.

Noah, Probox, IST?

Usifanye. Hayo hayana chasisi ya reli, bodi ndiyo chasisi. Na Probox na IST za 2WD zinavuta kwa mbele, sakafu ya nyuma na tangi havikuachiwa nafasi ya propela. Noah ya 4WD, SR50, na Probox ya 4WD, NCP55, zimetoka kiwandani hivyo na zinapatikana. Uza yako, ongeza fedha, nunua hiyo.

Je, si bora niuze Hilux yangu pia ninunue 4WD?

Kwa wengi, ndiyo, na nawaambia hivyo hata nikipoteza kazi. Kugeuza kuna maana kama una gari zima la kutoa spea, kama injini na bodi yako ni imara, na kama una gari jingine la kukuingizia kipato kwa wiki sita au zaidi. Gari likiwa juu ya mawe na mavuno yakiwa shambani, gharama halisi ni mazao yanayooza.

Na kama shida yako ni kilomita mbili za mwisho kabla ya kufika nyumbani, anza na matairi ya tope, punguza upepo unapoingia kwenye utelezi, weka mzigo juu ya ekseli ya nyuma, na beba minyororo ya kufunga kwenye matairi. Nimewaona wenye 2WD wakipita na minyororo pale ambapo 4WD yenye matairi ya kipara imelala.

Injini ya 2L itaweza?

Itaweza, kwa sababu gia ya chini ya transfa, L4, inapunguza mwendo mara 2.28 na kuongeza nguvu ya kuvuta kwa kiasi hicho hicho. Utapanda polepole, lakini utapanda. Barabarani utahisi uzito ulioongezeka na dizeli itakwenda zaidi. Spidomita nayo itadanganya ukibadilisha reshio au ukubwa wa tairi, badilisha kigia chake kidogo kwenye transfa.

Karatasi na bima?

Anza kabla ya kufungua nati ya kwanza. Tanzania usajili wa gari uko TRA (Mamlaka ya Mapato) na ukaguzi ni wa polisi wa usalama barabarani. Kenya ni NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Nenda uulize kwa gari lako hasa, ukiwa na picha na risiti. Ukihamishia bodi kwenye chasisi nyingine, kisheria gari ni lile lenye namba ya chasisi hiyo, kwa hiyo kadi yake lazima iwe mkononi mwako na jina libadilishwe. Mwarifu pia wa bima kwa maandishi. Bima iliyokatwa kwa gari la namna moja inaweza kukataa kulipa ajali ya gari la namna nyingine.

Nikishamaliza, niendesheje?

Mfumo huu hauna difu la katikati. Kwenye lami na barabara ngumu, levari H2 (kuvuta kwa nyuma tu) na loki za habu zimefunguliwa. Funga loki kabla ya kuingia kwenye tope, si ukiwa umeshazama, maana utaziinamia ndani ya maji. Mara moja moja hata kiangazi funga loki utembee kilomita chache kwenye mchanga au nyasi, ili oili ifike kwenye meno na beringi za mbele.

Yubolti za springi zikaze tena baada ya kilomita 100, kisha 500. Kagua michomelo yote kwa tochi na brashi ya waya, ukitafuta mstari mwembamba wa kutu unaochomoza kwenye rangi. Huo ni ufa.

Kuna uji mweusi unatoka nyuma ya tairi la mbele, ni nini?

Sili ya ndani ya ekseli imekufa. Oili ya difu imepita ikaingia kwenye nako na kuyeyusha grisi inayolisha jointi, mchanganyiko unatoka kwenye mpira wa nako na kushuka hadi kwenye breki. Usiongeze grisi juu yake. Fungua, safisha yote kwa dizeli, weka sili mpya, mpira mpya, beringi mpya za nako kama zina makovu, jaza grisi ya moli (yenye molibdeni), na kaza beringi kwa shimu (vibati vyembamba) sahihi. Ukiwa umenunua ekseli ya mtumba, fanya kazi hii kabla ya kuifunga, ikiwa bado iko juu ya meza na mikono yako inafika kila mahali.